Orodha ya Wasiohitaji Kitu

Kila anayekuja kuchukua nguo yake dukani kwangu hapa Msambweni ananiuliza swali lile lile: "Bi. Mwanakombo, ni kweli uliletwa harusini na gari la kampuni ya ndege mpaka mlangoni?" Ni kweli. Nimeisimulia habari hiyo mara nyingi mpaka magauni ya watu yanachelewa, kwa hiyo naiandika mara moja. Atakayeuliza tena nitampa karatasi hii aisome huku mimi nikishona.

Nilikuwa Eldoret siku arubaini kwa mwanangu Mwanasiti, aliyejifungua mtoto wa kiume. Mambo ya tikiti aliyashughulikia mkwe wangu, nami sitawachosha nayo. Nilichokuwa nacho kichwani ni Ijumaa. Ijumaa ile Saumu alikuwa aolewe Munje, kijiji jirani na kwetu.

Saumu ni binti wa marehemu Mishi, rafiki yangu tangu tulipokuwa watoto wa chuo cha Kurani tukichapwa fimbo moja. Mishi alipokuwa kitandani, hospitalini hapa hapa, alinishika mkono akaniambia, "Siku ya Saumu uwepo. Asishikwe mkono na mtu mwingine." Nikamwahidi. Mimi ndiye somo wake Saumu, niliyemfunda tangu alipovunja ungo, na kwetu bibi harusi hukaa chumbani na somo wake ubavuni mpaka shehe aje mlangoni kumwuliza kama ameridhia. Nikahi ilipangwa baada ya swala ya alasiri. Mimi ndege yangu ilikuwa Alhamisi asubuhi, nikajiona mwerevu kwa kuwa na siku nzima ya akiba.

Eldoret mpaka Nairobi, na kibuyu mapajani

Asubuhi ya kuondoka alikuja jirani wa mwanangu, Mama Chebet, na kibuyu cha mursik, yale maziwa yao mazito wanayoyagandisha kwenye kibuyu kilichosuguliwa mkaa wa mti fulani. "Peleka kwa harusi," akasema. Nikamjibu, "Ahsante dada, usijisumbue." Akasema sawa, akageuka na kibuyu chake kuelekea kwao.

Kwetu pwani mtu akikukaribisha mara ya kwanza unasema ahsante, nimeshiba. Mara ya pili unasema la, msijisumbue. Mara ya tatu unakaa ukala. Mwenyeji anajua, mgeni anajua, na sijapata kusikia mtu aliyelala njaa kwa adabu hiyo. Mama Chebet hakuijua. Ilinibidi nimkimbilie kwa kandambili mpaka getini kwake, nikakichukua kibuyu kwa mikono miwili, naye akacheka sana. Hapo ndipo ningalijifunza. Sikujifunza.

Ndege ya kwanza ilikwenda salama. Nairobi askari wa ukaguzi alikinusa kibuyu, akanitazama, akakinusa tena. Alikuwa mtu wa huko huko Eldoret. Aliniruhusu kwa heshima kubwa kuliko niliyowahi kupewa na askari yeyote.

Nairobi mpaka Ukunda, ambako hatukutua

Katika ndege ya pili nilikaa katikati. Dirishani alikaa dada mmoja aitwaye Akinyi, mzaliwa wa Kisumu, mpokea wageni katika hoteli moja ya Diani. Upande wa pili alikaa Mzee Mwinyihaji wa Msambweni, mstaafu wa posta, aliyekuwa ametoka kutibiwa macho. Mzee nilimjua kwa sura, yeye akanijua kwa sauti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe si yule fundi uliyenishonea kanzu fupi?"

"Kanzu ilikuwa sawa, Mzee. Wewe ndiye uliyerefuka."

Basi tukawa watu wa nyumba moja. Ndege ilipopanda juu kabisa, kifuniko cha kibuyu kikafyatuka kwa kishindo, na mursik ikamrukia mzungu wa kiti cha mbele kisogoni. Alijifuta, akalamba kidole, akauliza kitu kwa lugha yake. Akinyi alitufasiria: anataka kujua kama kuna zaidi. Nikakifunga kibuyu kwa kanga, nikakikumbatia safari yote iliyobaki.

Juu ya Ukunda hatukuona Ukunda. Tuliona wingu tu, jeusi, na mvua ikilipiga bawa. Rubani alizunguka mara mbili kisha akatangaza kwamba uwanja umefungwa, na Mombasa nako kumefungwa, kwa hiyo tunakwenda Malindi.

"Malindi?" Mzee akashtuka. "Mimi Malindi sijafika tangu nilipooa."

"Basi leo umefikishwa," nikamwambia. Yeye akacheka. Mimi nilikuwa nikihesabu saa.

Malindi: Kelvin na ubao wake

Tulitua Malindi kwenye jua kali, kana kwamba mvua ile tuliiota. Abiria tulikuwa kumi na wanne. Akatujia kijana wa kampuni, tai shingoni na karatasi kwenye ubao, jina lake Kelvin, mtu wa bara lakini mwenye uso wa upole. Akaeleza kwamba ndege haitarudi angani siku hiyo, kwamba kampuni itatupa chakula na hoteli, na kesho asubuhi kutakuwa na gari la kutupeleka Ukunda. Kisha akaanza kupita kwa kila mtu na kalamu yake.

Akanifikia. "Mama, uko sawa? Unataka tukupangie chakula, hoteli na gari?"

Tangu chai ya Eldoret sikuwa nimetia kitu mdomoni. Tumbo lilikuwa linaongea peke yake. Nikasema, "Ahsante mwanangu, mimi mzima. Msijisumbue."

"Poa," akasema Kelvin, akaandika.

Akamgeukia Mzee. "Na wewe, Mzee?"

"Sisi hatuna taabu, baba. Mwenyezi Mungu ataleta njia."

"Sawa. Mko na njia yenu." Akaandika tena, akaenda kwa wazungu.

Tukaketi kwenye benchi, mikono mapajani, tukingoja arudi kuuliza mara ya pili. Gari likaja. Wakapanda wale kumi na wawili. Akinyi alikuwa mbele akibishana na bosi wake kwenye simu. Alitupungia mkono akidhani tunakuja na gari jingine. Kelvin naye akapunga. "Msafiri salama!" akatuambia, na gari likatoka getini.

"Atarudi," akasema Mzee.

"Atarudi tu," nikasema. "Bado mara mbili."

Tulingoja mpaka kivuli cha mnara wa uwanja kikavuka njia. Nikakifungua kibuyu, tukanywa mursik kwa zamu kwenye kifuniko. Mzee alionja, akafumba macho yake yaliyotoka kutibiwa, akasema, "Maziwa haya yameungua." Nikamwambia si kuungua, ni mkaa, ndiyo mapishi yao. Akanywa tena. Alipofika kifuniko cha nne alisema watu wa Eldoret wana akili.

Kwa Kazungu

Jua lilipoanza kuzama alikuja mlinzi wa geti, Mgiriama wa makamo aitwaye Kazungu, na funguo mkononi.

"Karibuni kwangu," akasema. "Hapa nafunga."

"Ahsante, ndugu yangu, tumeshiba," akajibu Mzee.

"Karibuni. Mke wangu yuko jikoni."

"La, tusikusumbue," nikasema mimi.

"Haya twendeni, mnanichelewesha."

Tukainuka wote wawili kwa pamoja kama watoto walioitiwa mkate. Jamani, kuulizwa mara tatu kuna raha yake! Nyumba yake haikuwa mbali. Mkewe, Dama, alitupakulia ugali na samaki wa nazi aliyetiwa ndimu na pilipili mbichi, akatukalia juu mpaka tukaongeza. Nikampa nusu ya mursik. Watoto wake waliinusa wakakimbia, yeye akaimaliza.

Tukiwa tunakula, Kazungu aliuliza kwa nini hatukwenda na wenzetu. Tukamweleza. Aliweka tonge chini, akacheka mpaka akapaliwa.

"Mama, yule kijana wa watu ametoka bara. Ukimwambia umeshiba, anaamini!"

Nilicheka nami, lakini moyoni niliingiwa na baridi. Nilichukua simu nikampigia shangazi yake Saumu, dada wa marehemu Mishi, anayesimamia mambo yote. Aliuliza niko wapi, naye alikuwa amechoka, nikasikia watu na masufuria nyuma yake. Nikasema, "Tumelala Malindi, lakini usijali, sina taabu, kesho mapema nipo." Na nyinyi mnaniona mtu mzima mwenye akili! Nilikuwa nimelifanya kosa lile lile tena, mkono bado una mchuzi.

Asubuhi, mbele ya gari

Kazungu alitufikisha uwanjani mapema. Gari la kampuni lilikuwa pale na abiria wake kumi na wawili wamepanda, wameoga, wananukia sabuni ya hoteli. Kelvin alikuwa akisoma majina. Alimaliza. Yetu hayakuwemo.

"Mwanangu," nikamwambia, "na sisi?"

Akashangaa kweli kweli. "Mama, nyinyi si mlisema mko na njia yenu?" Akanionyesha karatasi. Upande mmoja yalikuwa majina kumi na mawili. Upande wa pili ameandika kwa herufi safi, *Hawahitaji kitu*, na chini yake jina langu na la Mzee. Viti vilikuwa kumi na viwili. Ndege yenye nafasi ilikuwa kesho yake, Jumamosi.

Nilimwona Mishi kitandani, vidole vyake vyembamba juu ya mkono wangu. Jumamosi ningekuta mahema yakifunguliwa na masufuria yakioshwa.

Akinyi ndiye aliyeteremka, akaja na viatu vyake vya kazi vikipiga sakafu. "Hawa mliwalaza wapi?"

"Kwa mlinzi," akasema Mzee kwa fahari. "Tulikula samaki."

"Kwa mlinzi!" Akamgeukia Kelvin. "Kampuni imewashusha Malindi, halafu wanalishwa na mlinzi?"

"Lakini walisema wako sawa! Na pia mvua si makosa yetu, madam."

"Mvua si yenu. Abiria ni wenu. Mimi kila wiki napokea wageni waliokwama na ndege, najua mambo haya. Ukimpakia mtu ukamshusha pengine, unamlisha, unamlaza, na unamfikisha pale tikiti yake inaposema. Tikiti yao inasema Ukunda. Hapa ni Ukunda?"

Kelvin akatazama kushoto na kulia kama mtu anayehakikisha. Akampigia bosi wake Nairobi, akaiweka simu kwa sauti ya juu. Sauti ya mwanamume ikasema kwamba abiria waliokataa huduma wenyewe hawawezi kudai huduma. Akinyi akabisha. Ile sauti ikasema, "Nipe huyo mama nimsikie mwenyewe."

Nikapewa simu.

"Mama, habari. Unahitaji nini kutoka kwetu?"

Nyuma yangu Mzee alishaanza, kwa mazoea tu, "Aa, tusiwasumbue ..." Nikamkanyaga mguu.

Nawaambieni kweli, nilitahayari. Kumtajia mtu haja yako mara ya kwanza tu alipouliza, mbele ya wazungu na mlinzi, kwangu kulikuwa sawa na kufunua sufuria ya watu jikoni kwao. Uso uliwaka moto. Lakini nilisema.

"Nahitaji gari, sasa hivi. Jana nilihitaji chakula chenu na kitanda chenu, nikawaambia sihitaji kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, na hilo ni kosa langu. Leo saa kumi kuna mtoto wa rafiki yangu marehemu anaolewa Munje, na nilimwahidi mama yake. Ndege ya kesho itanifikisha Ukunda, lakini haitanirudisha kwenye siku ya leo."

Nikasikia karatasi zikifunuliwa upande wa pili.

"Kelvin," ile sauti ikasema, "tafuta gari."

"Na chai," nikasema.

"Na chai," ikasema sauti.

Mzee akanong'ona kwamba na mahamri yasisahaulike. Akajifunza haraka yule mzee.

Malindi mpaka Munje kwa barabara

Gari lilipatikana baada ya kungoja muda wa saa mbili, dereva wake Katana, mtu wa maneno machache. Akinyi alikataa kurudi kwenye gari la kwanza, akasema amelipigania gari hili na atalipanda. Kelvin alituletea chai kwenye chupa, mahamri na mbaazi za nazi, akafunga milango yetu mwenyewe, kisha akaongea na Katana kando na kumpa karatasi. Mimi nilimwombea dua, naye akasema, "Amina, mama," ingawa shingoni alikuwa na msalaba mdogo.

Kilifi tulipita vizuri. Mtwapa tukakwama. Malori yalijipanga mpaka upeo wa macho yetu, na jua likawa juu ya paa. Saa saba. Saa saba na nusu. Akinyi alisimulia vituko vya wageni wa hotelini ili nisiitazame saa, nami niliitazama chini ya buibui. Swala ya Ijumaa tuliisikia kwenye vipaza sauti tukiwa bado pale pale. Mzee alilala kwa amani, kibuyu mapajani, maana nilimpa yeye akishike.

Hatimaye tukatoka, tukashika barabara mpya ya Dongo Kundu ili tusiingie kwenye foleni ya feri. Upepo wa baharini ukaingia dirishani, na Katana kwa mara ya kwanza akasema kitu: "Tutafika."

Ukunda tulifika saa tisa na robo. Akinyi akateremka kwenye njia ya kwenda Diani. Tulikumbatiana kwa nguvu, na nikamwambia nitamshonea gauni. Akasema, "Nataka." Hakungoja hata niulize tena, nikampenda zaidi.

Sasa nilijua kazi ya kampuni imekwisha, maana tikiti ilisema Ukunda, na Munje bado ni mbele. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba Katana, maneno yote nimeyapanga. Lakini Katana hakusimama. Aliipita njia ya uwanja wa ndege, akaipita Mwabungo.

"Baba, karatasi yako haisemi Ukunda?"

Akanipa nyuma bila kugeuka. Ilikuwa ni ile karatasi ya ubao wa Kelvin. Ule mstari wa *Hawahitaji kitu* ulikuwa umekatwa kwa kalamu, na kando yake ameandika: *Mama na Mzee, mpaka mlangoni kwao, Munje na Msambweni. Kuna harusi.*

Nililia. Sikuona haya kulia, nilikuwa nimeshamaliza haya zangu zote asubuhi.

Chumbani kwa Saumu

Swala ya alasiri ilikuwa imekwisha tulipofika. Mzee alikataa kupelekwa kwake, akasema hawezi kuibeba harusi njia nzima halafu asiione. Nikaruka garini na kibuyu kwapani, buibui limekunjamana, nikapita katikati ya wanawake waliojaa ukumbini.

Shehe alikuwa mlangoni pa chumba na mashahidi wawili. Shangazi alikuwa akimwambia, "Umemwuliza mara mbili, amenyamaza, ni haya tu. Bikira akinyamaza amekubali. Endeleeni." Na shehe alikuwa ameshaanza kugeuka.

Mimi ndiye niliyemfunza hivyo. Mara ya kwanza unyamaze, mara ya pili unyamaze, ya tatu uitike kidogo kwa sauti ya chini. Ndivyo nilivyofunzwa nami.

"Shehe, subiri!" nikaita, nikajipenyeza ndani, nikaketi kitandani kando yake. Chini ya ushungi nilimwona analia. Akaushika mkono wangu kwa nguvu, mkono wake baridi.

"Mama, shangazi aliniambia huna taabu," akanong'ona. "Nikajua una taabu. Sikutaka kuitika peke yangu. Nikanyamaza ili ufike, na wao wanasema nimekubali."

Moyo uliniuma, tena nikataka kucheka. Alikuwa ameandikwa kwenye orodha, kama mimi.

"Mwanangu," nikamwambia sikioni, "yale niliyokufunza ya kunyamaza yaache. Shehe akiuliza, sema unalotaka, na useme wasikie. Watu huandika walichosikia."

Shehe akauliza mara ya tatu.

"Nimeridhia!" akasema Saumu, na sauti ikatoka mpaka barazani. "Sasa nimeridhia, shehe, kwa sababu somo wangu amefika."

Vigelegele vilivyopigwa sitaviweza kwa kalamu. Shangazi alijishika kinywa. Shehe alicheka huku akifuta miwani, akasema hajapata kuozesha bibi harusi aliyemwondolea shaka namna ile. Nami nilimtoa Saumu nje siku ile, mkono wake mkononi mwangu na si wa mtu mwingine, kama alivyotaka Mishi.

Baadaye nikaletewa sinia la pilau. "Karibu," shangazi akasema kwa kisirani kidogo, "najua utasema umeshiba."

"Sijashiba," nikasema. "Lete."

Nikiwa nakula, nilimsikia Mzee Mwinyihaji nje chini ya turubai. Walikuwa wakimkaribisha chakula, naye akajibu, "Ahsanteni, nimeshiba." Mzee hakujifunza kitu! Wakamkaribisha tena. "La, msijisumbue," akasema. Nikaacha tonge hewani, nikasikiliza kama ya tatu itakuja.

Wakamkaribisha tena.